Nafasi Arobaini, Mavazi Ishirini

Bellevue, Johannesburg
Jumatano, 20 Novemba 2024

Umo! Hénock, umo kwenye arobaini! Kocha Moffat wako wa Jumamosi amenipigia kabla jua halijatoka, nikadhani ni msiba, kumbe anasoma jina letu kwenye simu yake: timu yako ya besiboli imefunga orodha yake ya watu arobaini jana jioni huko Amerika, na mrushaji wao mmoja ni mtoto wangu. Nimepiga kelele mpaka wapangaji wa chumba cha mbele wakatoka na taulo kuuliza nani amekufa. Nikawaambia hakuna aliyekufa, nendeni mkalale, mwanangu amekuwa mtu.

Haya, sasa nikusalimu kama mama mwenye adabu. Jambo Papa wangu. Nitakuita Papa mpaka nizikwe, maana jina lako ni la baba yangu mzazi. Uko salama? Huku tuko salama. Dada yako Arlène amemaliza mitihani, anaongea Kizulu kutwa nzima na simu yake, mimi akinijibu ni “eish Mama.” Cherehani yangu ilikuwa mbovu, imepona. Mvua zimeanza.

Ila una kosa. Ulipoondoka na miaka yako kumi na saba tulipatana: simu ni ya kuulizana uzima, lakini mambo ya kweli ni barua ya mkono, kwa Kiswahili, usije ukarudi kwangu bubu. Mimi naandika, Arlène anapiga picha anatuma. Wewe unaandika, unatuma picha, Arlène anaenda kuichapa pale Rockey Street. Miaka mitano hujakosa. Sasa miezi miwili hakuna kitu, na habari kubwa kama hii naisikia kwa mtu mwingine! Kwa nini?

Basi, nimekusamehe. Nimeshawaambia wote. Kanisani, sokoni, kwa Msomali wa kiduka cha spaza. Na Mama Jemimah, yule Mkenya wa Observatory ambaye kila siku ni “mwanangu chuo kikuu, mwanangu shahada.” Nikamwambia, “Mama Jemimah, hicho chuo kina watu elfu arobaini. Timu ya mwanangu ina arobaini tu.” Alikunywa chai yake yote kwa mkupuo mmoja.

Nimeomba ukumbi wa kanisa kule La Rochelle kwa Jumamosi tarehe 29 Machi. Kocha anasema ligi inaanza wiki hiyo. Tutakutazama ukutani kwa projekta, mkubwa kama nyumba. Kwaya itaimba, tutapika fufu na sombe, majani ya muhogo kama ya kwetu. Mimi niliyeishia darasa la sita pale Uvira!

Mama yako anayejivuna, na ana sababu.

*

Arizona, 8 Desemba 2024

Jambo Mama,

Niko salama. Barua imefika. Hiyo ya Mama Jemimah imenichekesha. Mwambie Arlène sharp, amefanya vizuri. Hapa ni baridi asubuhi, mchana jua. Naishi na yule Mdominika niliyekuambia, mchezaji mwenzangu wa Jamhuri ya Dominika, anapika wali mzuri.

Mama, taratibu. Arobaini siyo cheti. Ngoja nikueleze jinsi nilivyoelezwa.

Miezi hii hakuna mechi. Sasa wanaocheza ni watu wa ofisi. Timu ina nafasi arobaini kwenye karatasi, na katika hao ni ishirini na sita tu wanaovaa jezi siku ya mechi. Kila Novemba wanachagua vijana wa kufungia ndani. Ukibaki nje na umeshamaliza miaka yako mitano, Desemba timu nyingine inaweza kukuchukua. Kwa hiyo wameniweka ili nisichukuliwe. Hawajasema nitacheza. Ni kama wewe unavyofungia kitambaa kizuri kabatini, hujui utakishona lini.

Halafu wanaanza kununua watu wakubwa. Mkubwa mmoja akiingia, mmoja anatoka, maana nafasi ya arobaini na moja haipo. Kuna ubao ofisini kwao, majina yameandikwa kwenye vipande vya sumaku. Nilipita mlango uko wazi, nikaona jina langu. Lilikuwa chini kabisa, pembeni. Mtu akifunga mlango kwa nguvu linaanguka.

Ukumbi usilipe bado. Tafadhali.

Samahani kwa kukaa kimya, ni mazoezi. Samahani na mwandiko pia, kalamu mbaya.

Hénock

*

Bellevue, 29 Desemba 2024

Papa wangu,

Heri ya Krismasi, na mwaka mpya ukukute mzima. Sisi tumekula vizuri. Arlène amepata viatu, amesema si hivyo alivyotaka, amevivaa kila siku. Kocha Moffat alipita na keki, anakusalimu, anasema vijana wake wa Jumamosi wote wanataka kurusha mpira kama wewe.

Nimesoma maelezo yako mara tatu. Papa, umeeleza vizuri, lakini hayo mambo mama yako anayajua kuliko hao wazungu wa ofisini. Si mimi ndiye mwenyekiti wa mavazi ya kwaya? Kitambaa cha zambarau kilitoa mavazi ishirini, na rangi ile maduka yote ya Fordsburg haipo tena, nimezunguka mpaka miguu ikavimba. Kwa hiyo kwaya ni watu ishirini. Sasa amefika binti wa Thérèse kutoka Bukavu, ana sauti ya kupasua bati. Nifanye nini? Nikakaa na daftari langu kama mtu wa ofisi. Nikaangalia nani anachelewa mazoezi, nani ni mrefu wa kusimama nyuma, nani sauti imechoka. Nikamtoa Mama Victorine.

Usinikasirikie. Tangu augue koo lile, sauti yake imepasuka, anaimba kama mlango. Nilimwambia Pacifique, katibu wetu, amwandikie ujumbe kwenye simu, mzuri, wa heshima. Na kesho yake asubuhi vazi nililikuta limening'inia kwenye geti langu, limefuliwa, limepigwa pasi, ndani ya plastiki. Hakugonga. Huyo ni mtu anayeelewa mambo! Krismasi sikumwona kanisani, labda alisafiri. Na yule binti aliimba mpaka mchungaji akavua miwani. Kwa hiyo mimi na timu yako tunafanya kazi moja.

Ukumbi nimeshalipa. Watu themanini.

Neno la mwisho. Mwandiko wako umelala upande kama mtu aliyelewa. Mimi nimeuona mwandiko wako tangu unaandika herufi kwa mkaa ukutani, naujua. Kalamu gani inaharibu hata herufi H ya jina lako?

Mama yako

*

Arizona, 2 Februari 2025

Jambo Mama,

Msalimie Arlène, na Kocha. Natumaini mvua haijaingia chumbani kama mwaka ule.

Kalamu ni nzima. Naandika kwa mkono wa kushoto.

Bega la kulia lilianza Septemba. Nilificha. Ndiyo maana sikuandika, ningeshindwa kukudanganya kwenye karatasi. Walipoweka jina langu kwenye arobaini walikuwa hawajui, na mimi nikanyamaza. Nikasema baridi itaniponya kabla hawajarudi. Januari daktari wa timu akanipima kwenye mashine. Nyama ya ndani imechanika.

Wiki hiyo hiyo walinunua mrushaji wa miaka thelathini na nne. Walihitaji nafasi moja. Nilikuwa dukani nanunua mchele, simu ikalia. Mtu wa ofisi, sauti nzuri, akasema asante kwa yote uliyotupa. Nimeangalia baadaye, tuliongea dakika moja na nusu. Mchele nilikuwa bado nimeushika.

Halafu jina lako linapelekwa kwa timu zote zingine, ishirini na tisa. Yeyote anayekutaka aseme. Unasubiri. Yule Mdominika alikuwa anaweka simu yangu juu ya friji ili nisiiangalie. Hakuna aliyesema. Nilipoenda kuchukua vitu vyangu, kabati lilikuwa limeshafunguliwa, jina limebanduliwa, glavu zangu ziko kwenye mfuko mweusi wa takataka. Sasa mimi si mchezaji wa mtu yeyote.

Futa ukumbi, Mama. Waambie watu.

Na nina swali. Mama Victorine, kwa nini hukumwambia wewe mwenyewe? Baba alipokuwa akilinda maduka na wewe ukishona, ni yeye aliyenipeleka uwanjani kila Jumamosi. Alikuwa akidaka mpira wangu kwa kitenge alichokikunja mara nne. Kidole chake cha kati, kile kilichopinda, ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi. Alikaa na maumivu yake, akasema rusha tena.

Hénock

*

Bellevue, 9 Februari 2025

Papa wangu,

Barua yako imefika. Mvua huku ni nyingi, umeme ulikatika siku mbili, nimeshona kwa mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Robot ya kona, zile taa za barabarani, nayo imekufa, magari yanagombana kutwa. Arlène ana mafua. Macho mekundu, haongei, chakula anasukuma. Nimempa tangawizi.

Matayarisho yanakwenda vizuri sana. Thierry wa vyombo vya muziki ataleta projekta. Mama Jemimah ameomba viti vinne, unaona, sasa anaomba! Ndugu wa Pretoria wanakuja na basi lao. Nimekushonea shati kubwa la kutundika mbele ya ukumbi, lina namba yako, 58, nimeikata kwenye kitambaa cheupe, kila namba ndefu kama mkono wangu. Watu wakiniuliza mtoto anaendeleaje nawaambia anaendelea.

Bega lipake mafuta ya mawese ya moto asubuhi na jioni. Wewe bado kijana. Hao watu wataona makosa yao, watakupigia.

Mambo ya kwaya ni ya kwaya. Mtu hawezi kuendesha kamati kwa kubembeleza kila mmoja.

Kula vizuri. Vaa sweta.

Mama yako

*

Arizona, 24 Februari 2025

Mama,

Umesoma lakini hujasoma.

Timu imenipa tiketi ya kurudi nyumbani. Mwisho wa kuitumia ni tarehe 25 Machi. Sitaitumia. Mdominika ana binamu yake Texas anayepaka rangi nyumba za watu, hawaulizi karatasi. Viza yangu ilikuwa ya timu, kwa hiyo tarehe ikipita nitakuwa mtu asiyekuwepo. Sawa tu. Nimeshazoea kidogo.

Siwezi kushuka kwenye ndege nikaingia ukumbi wa watu themanini waliokuja kumwona mtu mwingine.

Usiniandikie kwa muda. Mwambie Arlène nampenda, na kwamba najua si mafua.

Hénock

*

Bellevue, 3 Machi 2025

Jambo Papa. Umesema nisikuandikie. Ndiyo hii hapa.

Arlène amepona hayo mafua. Alinisomea barua yako ya mwisho kwa sauti, mimi nikiwa kwenye cherehani, maana nilimwambia sina miwani. Miwani nilikuwa nimeivaa. Alipofika pale pa mtu asiyekuwepo akaweka karatasi mezani, akaniambia kwa Kiswahili, mtoto yule asiyesema Kiswahili, “Mama, unamfukuza.” Akatoka nje. Nilibaki na lile shati la 58 mapajani.

Alhamisi nilichukua vazi langu la kwaya, langu mimi, nikaenda La Rochelle kwa Mama Victorine. Nikagonga. Akachungulia.

“Mama Hénock. Leo Pacifique hana simu?”

Nikasema, “Nimekuja mwenyewe.”

“Naona. Umechelewa miezi miwili na nusu, lakini naona.”

Hakunikaribisha kukaa. Kile chumba ni kidogo, tulisimama kama watu kwenye foleni. Nikampa vazi. Nikamwambia chukua nafasi yangu, mimi nitakaa kwenye viti na wengine. Akalinyanyua mbele ya mwili wake.

“Hili litanifika magotini, wewe mfupi. Na sauti yangu imekufa, hilo ulisema kweli. Ukweli sijaukasirikia. Umemtuma mtoto wa watu aniandikie mistari miwili, mwishoni akaweka picha ya mikono inayosali. Miaka kumi na tisa tunajuana. Ulitoka kuzaa Arlène, nani alikuogesha?”

Nikasema ni wewe.

“Nani?”

“Ni wewe, Mama Victorine.”

Akanirudishia vazi. Hapo ndipo nikamwambia habari zako. Ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia, Papa, wiki tatu nzima sikuwa nimeziweka kinywani, na zilipotoka zilikuwa ndogo tu: wamemtoa, bega limechanika, hakuna timu iliyomtaka. Hakulia. Aliangalia kile kidole chake.

“Bega lipi?”

“La kulia.”

“Nilimwambia asirushe akiwa na hasira. Anarudi lini?”

“Anasema harudi.”

“Kwa sababu ya viti vyako themanini?”

Akafungua mlango ili nitoke, akasema, “Basi nenda ukawaambie wenye viti. Wewe, siyo Pacifique.”

Kwa hiyo jana, Jumapili, nilisimama mbele ya kanisa baada ya matangazo. Ulijua mama yako anaweza kusimama mbele ya watu bila kujisifu? Mimi sikujua. Nikasema, “Mwanangu Hénock ametolewa kwenye orodha. Bega lake limechanika, timu imemwachilia. Mimi nilijua, nikaendelea kuwagawia viti.” Nikashika kinanda.

Sitakudanganya, wapo waliocheka. Niliona bega la Pacifique likicheka. Thierry ameondoa projekta, amepata harusi mahali pengine. Ndugu wa Pretoria wanasema watatazama kama basi litapatikana, na najua hilo basi halitapatikana. Mchungaji ameniuliza kama narudishiwa pesa ya ukumbi, nikamwambia hapana, ukumbi nautumia. Nje Mama Jemimah akanifuata na ule mkoba wake, nikajiandaa. Akasema, “Vile viti vyangu vinne, usimpe mtu mwingine.” Halafu akaongeza kwamba mwanawe wa shahada yuko nyumbani tangu Julai, anaandika barua za kuomba kazi chumbani na mlango umefungwa. Tangu Julai, Papa! Na mimi kila Jumapili nilikuwa nampiga na arobaini yangu.

Shati la 58 nimelifumua. Kitambaa kilikuwa kizuri, nimekushonea mto, maana daktari wa Kocha Moffat anasema bega kama hilo lazima lilale juu ya kitu. Kocha amepata tarehe kwenye hospitali ya serikali. Foleni ni ndefu. Huenda usirushe tena. Nimeandika hilo neno kwa mkono wangu ili ujue nimelisoma.

Ukija sijui utafanya kazi gani. Sina mpango. Chumba ni kile kile, Arlène amehamia upande wa dirisha. Sikuwa na mwana mwingine wa kumwingiza ili wewe utoke. Hilo ningekuandikia Novemba badala ya hayo yote.

Mama Victorine alinitumia ujumbe jana jioni. Hakuweka picha ya mikono. Anasema vazi la zambarau hataki, atakuja na kitenge chake, kile cha kukunja mara nne. Anasema atasimama na kwaya, afungue mdomo tu bila sauti, na mimi nisimwambie kitu. Sitamwambia.

Kocha Moffat anakuja. Mama Jemimah anakuja na watu wake, jumla wanne, na amesema huyo wa mlango uliofungwa atakuwa mmoja wao. Thérèse na binti yake wanakuja. Nimewahesabu wale wa kweli, wako ishirini na watatu, nimewapangia viti ukutani, katikati hakuna jukwaa, hakuna picha, utaingia kama mtu anayeingia nyumbani. Ndege ya tarehe 25 Kocha ameiangalia, inashuka hapa asubuhi ya tarehe 27, Arlène na mimi tutakuwa pale mlangoni. Upumzike siku moja, unyoe nywele.

Wote nimewaambia mwenyewe, kwa mdomo, mmoja mmoja: fufu na sombe, ukumbi wa La Rochelle, Jumamosi tarehe 29 Machi, saa nane mchana.